Maiti Aliyeamka Al Quoz

Dancan ni mlinzi, na mlinzi aliyezoea kazi, hata nzi akitua puani mwake hatikisiki. Ndiyo maana Mohannad, mwongozaji wa ile filamu ya vita, alimchagua awe maiti. Ilikuwa mwaka wa 2007, ndani ya ghala moja la Al Quoz, mtaa wa viwanda huku Uarabuni, lililomwagwa mchanga likageuzwa ufuo wa kisiwa. Dancan alikuwa askari wa adui, ameuawa, amelala kifudifudi. Wakombozi wangemruka wakiingia, na wenyeji wa kisiwa wangewashangilia.

Kushangilia gani! Asubuhi nzima walipunga vibendera kama watu wanaofukuza mbu. "Miaka mitatu mko chini ya adui, leo mko huru!" Mohannad alifoka. "Yalla, furahini!" Mimi Loise, mpika chai, nikasonya. Nani hufurahi kwa kuamrishwa?

Lakini roho yangu haikuwa pale. Judy, mke wa Dancan, alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji ajifungue, huko nyumbani Nakuru. Mtoto wao wa kwanza walimzika kabla hata hajapewa jina. Waigizaji walikatazwa simu, kwa hivyo Dancan aliniachia yake. "Dada Loise, ukisikia chochote, nijulishe." Halafu akaenda kulala mchangani na hofu yake. Wee, huyo mwanaume ana moyo!

Simu ilitetemeka kamera zikichukua. Nikainama nyuma ya birika. Alikuwa mamake Judy: mtoto ni msichana, mama mzima, mtoto mzima.

Ningengoja? Sikuweza, jamani. Kwetu mtoto hapokelewi kwa kunong'ona. Akizaliwa msichana tunapiga vigelegele mara tatu, mvulana mara tano. Nikavipiga vyote vitatu hadi mabati yakaitika. Joweria, Mganda aliyeigiza mjane wa kisiwa, hakujua lolote, lakini akanipokea. Wengine wakafuata.

Maiti akainua kichwa. Akasimama, mchanga umejaa mdomoni, akamkumbatia mkombozi wa karibu pamoja na bunduki yake ya mbao, akalia kwa sauti. "Ni msichana! Judy amepata msichana!"

"Nani amemfufua huyu?" Mohannad aliuliza.

Nikajua kazi imeniponyoka. Nikamweleza yote.

Yeye alikuwa akiwatazama wenyeji wa kisiwa chake. Vibendera vilikuwa vimeanguka chini, nao wanarukaruka, wanakumbatiana na adui, machozi yanawatoka.

"Khalas, yatosha, picha tumeipata," akasema. "Mpeni maiti simu yake."