Niliisifu Pilau ya Mama Kulwa

Naomba nisizunguke, kosa ni langu. Sikulazimishwa, sikulewa, sikulogwa. Nilikaa kwenye benchi nikala pilau mbaya, nikasema ni tamu. Halafu nikarudia kusema. Na watu wakaniamini!

Mimi ni msichana wa hapahapa Bariadi, nasuka nywele saluni. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto ninazo za kutosha, nyingine naota mchana huku mikono inasuka. Ndoto yangu kubwa ni kuwa yule mtu wa kwenye televisheni anayezunguka kula vyakula vya watu halafu anaeleza vilikuwaje. Kazi nzuri namna hiyo sijui aliyeibuni ni nani, ila nahisi alinifikiria mimi.

Nikaanza na nilichonacho, simu. Nikafungua grupu, nikaliita Tule Wapi Bariadi. Kila nikila mahali napiga picha, naandika maneno yangu, natoa nyota. Wateja wa saluni wakaingia, wakaleta wenzao, hasa watumishi waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine. Wale wakishapata nyumba ya kupanga swali linalofuata ni chakula. Wakawa wananiandikia, "Mchambuzi, leo tule wapi?"

Mchambuzi! Mimi! Hilo neno nilikuwa nalisoma mara mbilimbili ndio najibu.

Juu ya grupu niliandika: Maoni ya kweli tupu. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza.

Kwa sababu, jamani, sijawahi kutoa chini ya nyota tano. Nilishindwa! Migahawa yetu mnaijua. Anayepika ndiye anayepakua, ndiye anayekumiminia maji ya kunawa, halafu anasimama hapo pembeni na kanga yake kiunoni anakuangalia unavyotafuna. Utatoaje nyota tatu mtu mzima anakuangalia? Nimezaliwa kijijini Mwamapalala mimi. Kwetu mgeni akiwekewa chakula anasema wabeja, yaani asante, anaendelea kula. Mgeni wa kusema chumvi imezidi hajawahi kufika.

Kwa hiyo chipsi mbichi, nyota tano. Supu ya jana, nyota tano. Kuna mahali nilikuta nzi kwenye chai, nikaandika "huduma ni ya haraka."

Haikumuumiza mtu, nilidhani.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Kulwa. Waliokula kwake watamjua. Ni mama mjane, alikuwa na mgahawa wake karibu na stendi, na sisi wadogo tulimwita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. Alikuwa anapika ugali wa udaga, ule muhogo uliovundikwa ukakaushwa, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, anayaunga kwa karanga. Wanaume waliotoka mnadani kuuza ng'ombe walikuwa wanakula pale wamenyamaza kimya. Msukuma ametoka kuuza ng'ombe halafu ananyamaza! Mwenye akili ataelewa kile chakula kilikuwaje.

Siku moja kwenye grupu Madam Zuhura akaandika. Huyu ni mtumishi, ametokea Tanga, anasukwa kwetu. Akauliza, "Jamani hivi mji huu pilau ya kueleweka inapatikana wapi? Udaga nimeuheshimu sasa basi." Watumishi wengine wakaandika, na mimi, na mimi.

Nilikimbia mwenyewe na malapa yangu mpaka kwa Mama Kulwa. "Mayu, watumishi wanatafuta pilau!"

Ijumaa iliyofuata akapika. Mchele ulikuwa mpya kabisa, umetoka kwenye majaruba ya kaka yake huko kijijini Shishiyu, na viungo alinunua vya kwenye pakiti, akamwaga pakiti yote ili asionekane mchoyo.

"Mwadila Mayu," nikamsalimia.

"Mwadila ng'wana wane. Kaa hapa mwanangu, wewe ndiye wa kwanza."

Nikala. Ile pilau ilikuwa imeshikana, ukiinua kijiko inakuja yote kama inahama nyumba. Karafuu zilikuwa nyingi mpaka ulimi ukafa ganzi upande mmoja. Mama Kulwa amesimama na mwiko mkononi, hapumui.

"Vipi?"

"Mayu, hii ni pilau ya pwani yenyewe."

Pwani sijafika. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Shinyanga mjini, nilimsindikiza shangazi msibani.

"Gete?" Yaani, kweli?

"Gete, Mayu."

"Basi ngoja nikuongeze."

Akaniongeza. Uongo wangu ukaletewa sahani ya pili, nikaimaliza yote. Halafu nikapiga picha nikatuma: Pilau ya pwani sasa iko Bariadi, nyota tano, asiyekula atajilaumu.

Kesho yake dada Rehema, mwenye saluni, akaenda kula pale kwa sababu yangu. Alirudi ananiangalia kwenye kioo.

"Wewe mtoto, huo mdomoni ni ulimi au kipande cha ngozi?"

"Dada, mbona iko vizuri tu."

"Vizuri? Ile pilau ningekuwa nayo hapa ningebandikia wigi! Kamwambie yule mama."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikipata nafasi, dada."

Nafasi nilikuwa nayo kila siku mchana. Nilikuwa nakula palepale.

Mama Kulwa akaacha nsansa. Akasema mambo mawili hawezi, bora ashike moja lenye maendeleo. Akachorewa bango: PILAU YA PWANI, IMESIFIWA. Wale wanaume wa mnadani wakaja, wakaulizia udaga, wakaambiwa siku hizi ni pilau. Mzee mmoja akainusa ile sahani, akairudisha mezani taratibu. "Mayu, sisi tumekuja kula. Hatujaja kunusa." Wakaondoka, hawakurudi.

"Watazoea," Mama Kulwa akaniambia. "Si wewe ulisema ni ya pwani?"

"Watazoea, Mayu," nikajibu.

Kumbe makubwa yalikuwa yanakuja. Ofisi moja hapa mjini ilikuwa na semina ya watumishi, wakatafuta wa kupika chakula cha mchana. Aliyekuwa anapanga yumo kwenye grupu langu. Hakuonja, alisoma maneno yangu, akampa kazi Mama Kulwa. Akamwambia wakiridhika, vikao vyao vyote atakuwa anapika yeye.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Mama Kulwa ana mapacha, Kulwa na Doto, mabinti. Wamemaliza kidato cha nne na wote wawili wamefaulu. Uwezo wake ulikuwa wa kumpeleka chuo mmoja tu. Alikuwa anakataa kulizungumza. Aliniambia, "Nikiipata hii kazi ya kudumu nawapeleka wote. Nitachagua yupi nimwache, ng'wana wane? Wamelala tumbo moja."

Siku moja kabla ya semina alipika sufuria ndogo ya majaribio. Akaniita jikoni kwa nyuma, akafunga mlango.

"Hapa hatuna mteja," akasema. "Onja uniambie ukweli. Kama haifai, sema. Wamesema nipike ninachokiweza, naweza kuwapikia udaga na nsansa na kuku wa kienyeji, kuku ninao. Bado muda upo."

Nikaonja. Ilikuwa ileile.

Nilimwangalia. Nywele nilikuwa nimemsuka mimi asubuhi ile, bure, ili apendeze mbele ya wageni. Alikuwa amenunua aproni mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Nikafungua mdomo nikiwa na nia ya kusema. Naapa nilikuwa na nia!

"Iko vizuri, Mayu. Usibadilishe kitu."

Hilo la usibadilishe kitu sikuulizwa. Niliongeza mwenyewe.

Siku ya semina nilikwenda kumsaidia kupakua. Watumishi wakapanga mstari na sahani zao, wanacheka, wamenitambua, "Mchambuzi mwenyewe huyu!" Nikatabasamu. Madam Zuhura akakaa, akala kijiko kimoja, akakilaza kijiko pembeni ya sahani kwa adabu kabisa.

"Samahani," akauliza, "aliyepika alikusudia pilau au bokoboko?"

Meza yote ikacheka. Ambao hawakujua bokoboko ni nini wakaelezwa kwamba ni ngano iliyopondwa na nyama mpaka ikawa uji mzito, nao wakacheka upya.

Kaka mmoja mwenye miwani akasema, "Huyu mchambuzi wenu alivyokula hii alikuwa ametoka kwenye mfungo?"

Sahani zikaanza kurudi. Zimejaa! Mama Kulwa alikuwa amesimama nyuma ya mahotpoti na ile aproni yake. Hakuwaangalia wale. Aliniangalia mimi. Wala hakuwa na hasira, alikuwa ananingojea niwaambie kwamba wanakosea.

Nikasema naenda kuleta maji ya kunywa. Maji yalikuwepo, katoni nzima, mbele yetu.

Semina ilikuwa inaendelea, kesho yake akaletwa mpishi mwingine. Pale stendi wateja wa udaga walishahamia kwingine, na wa pilau hawakuwahi kuja zaidi ya mara moja. Haikuchukua muda, mgahawa ukafungwa. Sasa hivi chumba kile wanauza kava za simu.

Kabla hajaondoka kurudi kwao Shishiyu alipita saluni kuniaga. Mimi nilijua amekuja kunitukana, nikajiandaa. Akanishika mkono.

"Usihuzunike, ng'wana wane. Wale wana wivu tu. Wewe chakula unakijua."

Jamani! Angenizaba kibao ningelala vizuri.

Dada Rehema alikuwepo. Alizima dryer akaenda kusimama nje.

Baadaye Madam Zuhura alikuja kusukwa. Nikajikaza nikamuuliza ile pilau hasa ilikuwa na tatizo gani. Akacheka. "Mchele ulikuwa mpya, mdogo wangu, mchele mpya unashika. Na maji kazidisha, na viungo avipunguze. Jambo la kumwelekeza mtu mara moja. Ningeambiwa ningekwenda mwenyewe nikamwonyeshe, mimi Ijumaa huwa sina kazi."

Nilikuwa nimeshika kichwa chake. Mstari ukapinda mpaka kwenye sikio, ikabidi nifumue.

Grupu nililifuta. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili moja baada ya ibada nikapanda bodaboda mpaka Shishiyu. Nilimkuta uani na mabinti zake wote wawili, wamekaa kwenye turubai wanachambua pamba, safi huku, chafu huku. Chuo hajaenda hata mmoja. Mama yao alishindwa kuchagua, basi wote wakabaki.

Nikapiga magoti. Akadhani nasalimia, akaitika.

"Mayu, ile pilau ilikuwa mbaya," nikasema. "Tangu siku ya kwanza."

Kulwa na Doto wakaacha kuchambua.

"Hata siku ile nilipofunga mlango?"

"Hata siku ile."

Akafikiri. "Lakini ulikula sahani mbili."

"Ndiyo, Mayu."

"Sasa ulikula kwa nini?"

"Uliniongeza."

Doto akacheka, ilimtoka tu, akaziba mdomo kwa mkono uliojaa pamba. Mama yake hakucheka. Alichukua pamba nyingine akaendelea na kazi, na mimi bado niko magotini, sijui kama nimeruhusiwa kuinuka.

Nikaona nimalizie kilichonipeleka. Nikamwambia, "Rudi mjini, Mayu. Anza hata kwa meza moja. Pika udaga na nsansa kama zamani, wale wa mnadani watarudi. Bariadi nzima hakuna anayepika nsansa kama wewe. Hayupo!"

Akaiweka pamba chini.

"Hilo nalo umesema kwa huruma?"

"Hapana Mayu. Ni kweli. Gete."

"Hata siku ile ulisema gete."

Nikatafuta neno lingine. Nilitafuta kwa Kiswahili, nikatafuta kwa Kisukuma. Sikulipata. Yeye akawaambia mabinti waniletee kigoda na maji ya kunywa, akaniulizia habari za kwetu Mwamapalala, mvua, ng'ombe wa baba. Alinipokea vizuri kama mgeni yeyote. Kuhusu chakula hakuniuliza tena kitu.

Basi ndugu zangu mnaosoma hapa. Mama akisimama na mwiko wake akakuuliza kikoje, mwambie kilivyo. Mwambie taratibu, mwambie kwa adabu, mwite mama, mpe pole ya jiko, lakini mwambie! Atanuna siku hiyo. Kesho atapunguza maji. Usijifanye una huruma kama mimi, huruma yangu imewaweka mabinti wawili kwenye turubai.

Na kama umewahi kula nsansa pale karibu na stendi, kabla ya bango la pilau, nakuomba ukipita Shishiyu uulizie kwa Mama Kulwa umwambie ilikuwaje. Wa mnadani hasa, nyie anawaheshimu. Mimi hata nikiapa haisaidii.

Ila tafadhali, msimwambie nimewatuma.