Unga wa Njano Lionja

Harufu ya salfa ilitufikia kabla jua halijapanda, kali kama njiti za kiberiti zilizowashwa kwa mkupuo, ikaingia hadi kwenye chai. Nilikuwa na miaka tisa, na mikorosho ya baba pale Lionja ilikuwa imeanza kutoa maua. Bwana shamba alikuwa ametuletea bomba la injini, la kwanza kijijini, linalobebwa mgongoni na kurusha unga wa njano wa salfa hadi kileleni mwa mti. Alisema unga ule huua ubwiri, ukungu unaokausha maua, na hauna neno kwa binadamu. Bibi Somoe, mama yake baba, hakuamini. "Kama hauna neno, mwanangu, mbona wewe umeziba pua kwa kitambaa na macho kwa miwani?" Watu wakacheka. Bwana shamba akasema ni utaratibu wa kazi tu. Bibi akaongeza kwamba unga huo utawafanya wanawake wasizae, na hapo akajiharibia: tangu siku hiyo hofu zake zote zilitiwa kapu moja.

Baba alipuliza siku nne, usoni amejifunga kipande cha kanga ya mama. Siku ya tano hakuweza kufumbua macho. Mama alimwosha kwa maji safi, nami nikamshika mkono kumtoa nje hadi uani. Sikuwahi kumwongoza baba yangu kabla ya hapo. Bwana shamba alipokuja, aliketi mkekani.

"Hukuvaa miwani?"

"Miwani ipi, bwana? Ulikuja na moja, ukaondoka nayo."

"Nilipima hatari kwa mtu mwenye vifaa," akasema. "Sikuwafikiria ninyi." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baba alipona, ila jicho la kushoto lilibaki na ukungu. Mikorosho ilizaa sana, na mwaka uliofuata mama naye alijifungua. Bibi ndiye aliyempokea mtoto.

Sasa naishi Chinongwe, upande wa Ruangwa, na dawa inapulizwa na ndege ndogo zisizo na rubani. Juzi mkutanoni mtaalamu kijana alisema ni salama. Nikamwuliza upepo wa hapa kwetu, unaobeba dawa hadi majumbani, aliupima lini.

"Utafiti umeshafanyika, mama."

"Wapi?"

Akataja mkoa mwingine. Nilikubali mikorosho yangu ipulizwe, maana ubwiri si hadithi. Utotoni mwangu swali kama hilo lilichekwa. Kijana huyu aliliandika kwenye daftari, ingawa sijui kama atalisoma. Asubuhi ya kupuliza niliwapeleka wanangu kwa dada yangu anayeishi Naipingo, na sikuwarudisha hadi siku ya tatu.