Kadibodi ya Dominic Ilivyowaficha Wanaume Mezani

Saa tatu asubuhi, katika karakana ya fremu mtaani Balad, Jeddah, Dominic Nyamweya anapenyeza kisu chembamba chini ya kadibodi na kuibandua taratibu, kama anayetoa bendeji kwenye kidonda.

Chini yake kuna picha ya kale ya dini, iliyochongwa kwenye bamba la shaba huko Ulaya na kupigwa chapa karatasini. Mwenyewe ni daktari wa Riyadh anayekusanya picha za namna hiyo. Mwanamke amepiga magoti, nywele zimemwagika, analia.

"Zimepita mikononi mwangu zaidi ya arobaini," anasema mzee huyu wa miaka sitini na mmoja, mwenyeji wa Kisii. "Petro akitubu, analia na joho lake lote mwilini. Mwanamke akitubu, lazima bega liwe wazi. Waliochonga ni wanaume, na walionunua ni wanaume."

Lakini hasira yake ya leo ina jina la mtu.

Mwezi uliopita Lorine, mfanyakazi wa ndani, alitoroka nyumba moja ya Al-Safa baada ya mtoto wa bosi, kijana mzima, kuvunja mlango wa chumba chake. Alitembea peku juu ya lami ya mchana hadi Ghulail, kwa Josphat, kiongozi wa kundi la maombi la Wakenya lenye chumba cha kuwahifadhi akina dada. Hakufunguliwa. Tangu hapo analala sakafuni katika stoo ya fundi cherehani, na ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ingali kwa kafili, yule bosi aliyemdhamini.

Siku chache baadaye Josphat alipita karakanani kunywa chai, akaipiga ile picha kwa simu na kuisambaza kundini. Aliandika kwamba dada akitaka kitanda, sharti apige magoti mbele ya wote namna hii, aungame jinsi alivyomshawishi kijana wa watu. Uamuzi ni Ijumaa hii.

Dominic alimpigia kumkanya. Akajibiwa: "Mzee, wewe gundisha fremu zako. Neno niachie mimi."

Kinachomuuma zaidi ni kwamba picha ile aliiziba mwenyewe. Upande wa kushoto una madoa ya maji, naye akaufunika kwa kadibodi pana. Fundi wa fremu huficha doa, ndivyo alivyofundishwa.

Sasa kadibodi imetoka. Kushoto kuna meza, na wanaume wanakula. Yesu ameketi kati yao, na kidole chake hakimwelekei mwanamke. Kinamwelekea mwenye nyumba, ambaye miguuni pake kuna beseni kavu: katika Injili, hakumpa mgeni wake hata maji ya kunawa miguu.

"Miaka kumi na saba naziba madoa," anasema. "Hili limemwangukia binti wa watu."

Daktari amekubali picha iwekwe fremu nzima, madoa na yote. Ijumaa Dominic ataipiga nzima kwa simu na kwenda nayo Ghulail kabla Lorine hajaitwa.

"Sitahubiri," anasema. "Nitamuuliza Josphat mbele ya hao aliowaita: huyu msichana alipofika mlangoni kwako miguu imebabuka, ulimpa maji?"