Abdulwahid na Umeme wa Wakfu

Hapa Siyu, Abdulwahid alikuwa mtu wa kuaminiwa. Alishona viatu vya ngozi kama babake, akalea mabinti, na ndiye aliyeshika ufunguo wa msikiti wetu. Tulipofunga umeme wa jua, paneli juu ya paa na betri chumbani, akashika na ufunguo wa chumba hicho. Taa ziliwaka hadi alfajiri.

Halafu mwaka huu zikaanza kuzimika tukiwa katikati ya sala ya Isha.

"Jua lawaka mchana kutwa," akasema Bwana Mohdhar, mkubwa wa kamati, barazani mbele ya watu. "Huo umeme washika ndia gani, wenda wapi? Kuna mtu awachajia wavuvi simu. Mali ya wakfu hailiwi, Abdulwahid!"

"Wallahi sijachaji hata yangu."

"Mbona simu yako haizimiki?"

"Nani wa kunipigia?"

Watu wakacheka. Mohdhar akaapa kumpokonya ufunguo Ijumaa. Nanyi mwajua, mtu akivuliwa ufunguo wa msikiti kwa wizi, binti zake nani atawaposa?

Hata mie nilimshuku. Nilimwona akitoka chumbani na kitu chini ya kikoi. Kilikuwa kitambaa cha kufutia vumbi, lakini mshukiwa hata akipiga chafya ni ushahidi. Na kwa kuwa hakuna mwenye akili kunishinda mtaa huu, ingawa mimi na shule tuliachana darasa la sita kwa ridhaa ya pande zote mbili, nikajitolea kumpeleleza.

Baada ya adhuhuri nikapanda paani, nikajibanza kivulini mwa tangi jipya la maji, sadaka ya Mohdhar ya mwaka huu, lenye jina lake kwa rangi nyekundu ili malaika wasikosee. Hakuja mtu. Jua likasogea, kivuli kikasogea, nami nikakifuata, mpaka nikajikuta nimeegemea paneli. Kivuli kimeilalia!

Nikampigia Murithi, fundi wa umeme kule Mokowe.

"Paneli zinakula mwanga, mzee, si joto," akasema. "Tena zimeungana kama mnyororo. Moja ikizibwa, zote zinalegea. Betri inalala njaa."

Nikamwita Mohdhar juu.

"Nani amekutuma?" akauliza, jicho kali. "Abdulwahid?"

"Nimetumwa na tangi lako."

Akatazama kivuli, akatazama jina lake. Tukazihamisha paneli upande wa pili, na usiku wa pili yake hata wavivu wa sunna walisali kwenye mwanga.

Ijumaa, barazani, Mohdhar akasema ufunguo ubaki kwa mwenyewe. Abdulwahid akauweka mkekani.

"Uliniita mwizi hapa," akasema. "Nisafishe hapa."

Mohdhar akakohoa, akatutazama mmoja mmoja, labda akitafuta wa kumshuku.

"Nilikudhulumu, Abdulwahid. Niwie radhi."

Abdulwahid akaokota ufunguo, akaenda kufunga madirisha.