Mjukuu wa Mumiani Anaomba Damu

Mimi ni mjukuu wa mumiani. Nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na jirani, maana hapa Tanga habari za mtu hufika kabla yake. Nilipokuwa shule ya msingi Nguvumali, nikikaa dawati moja na mtoto, siku ya pili mama yake anakuja kuomba ahamishwe. Nikipigana, na nilipigana sana, hakuna aliyesema huyu mtoto mkorofi. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Babu yangu hakunywa damu ya mtu. Alikuwa Mbondei mfupi, mpole, mpenda kahawa chungu, aliyeajiriwa na watu waliokuwa wakipima matende, ugonjwa wa kuvimba miguu, katika pwani yetu. Kazi yake ilikuwa kumtoboa mtu kidole na kupaka tone la damu kwenye kipande cha kioo. Balaa ni kwamba vijidudu vya matende vina tabia zao: mchana hujificha ndani kabisa ya mwili, na hutoka kwenye damu ya juu usiku, watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo babu alifika vijijini usiku, na gari, na taa, na sindano, akagonga milango ya watu akiomba damu. Kama ungetaka kutengeneza mumiani kwa makusudi, usingepata bora kuliko huyo. Kutoka Tongoni mpaka Mkwaja watoto walinyamazishwa kwa kuambiwa kwamba anakuja.

Yeye mwenyewe jambo hilo lilimchekesha. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na wawili hao wana ruhusa ya kuambiana lolote. "Lete kidole, mke wangu," aliniambia nikimpelekea kahawa barazani, "mumiani ana kiu." Nami nilimjibu kwamba meno yenyewe yamebaki mawili, atanyonya kwa mrija. Baba yangu hakucheka hata siku moja. Yeye alikuwa mtoto, si mjukuu, na mtoto hana utani na baba yake. Tukianza mizaha yetu, yeye aliinuka akaenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wamekwisha kufungwa.

Babu alifariki nikiwa nimeshakuwa mchoraji. Uchoraji kwetu ni mabango ya saluni na vibao vya maduka; katuni unachora ukipata nafasi. Nafasi nilipoipata, nikamzaa Mwindaji. Ni msichana wa pwani, kanga kiunoni, taa ya chemli mkononi, anayewawinda mumiani wote wa mwambao. Siri yake ni kwamba mumiani mkuu, yule anayeogopwa kuliko wote, ni babu yake mzaa baba. Macho ya kuona gizani amerithi kwake, na kiu pia amerithi kwake, hivyo kila anapowinda huwa anawinda na nafsi yake. Kila toleo anakaribia kumkamata mzee, na kila toleo mzee anamponyoka kwa mzaha. Nilimpa mzee huyo sura ya babu, kofia ya babu, hata lile neno lake, mke wangu. Watu walikuwa wameniita jina tangu utoto. Nikaona afadhali nilivae mwenyewe, nifunge na vifungo.

Katuni ilipendwa. Niliziweka kurasa kwenye simu, watu wakatumiana katika magrupu yao, na mwenye duka la kutoa kopi akaniomba nimwachie nakala auze. Nilifurahi mno, sifichi. Baba alionyeshwa toleo la kwanza na dada yangu. Alisoma mpaka mwisho, akamrudishia simu yake, kisha akanigeukia.

"Watu walisema tu," aliniambia. "Wewe umeandika."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Ila tangu siku hiyo mazungumzo yetu yalikuwa ya bei ya unga na maji ya bomba.

Dada yangu ameolewa Tongoni. Mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Mkwaja, na uchungu ulipomshika dada, mume alikuwa huko. Mama mkwe ndiye aliyemleta hospitali mjini, pamoja na wanawe wengine wanne, vijana wenye miili yao, na mikeka, na makapu, na machupa ya chai. Ndiyo desturi, mzazi hasindikizwi na mtu mmoja. Mume alipigiwa simu, akasema yuko njiani, kisha simu ikawa haipatikani. Mimi nilifika na baba. Mama yetu ni marehemu, na kwa upande wetu tulikuwa sisi wawili tu.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kike, akalia vizuri, tukapiga vigelegele. Lakini damu ya dada haikukata.

Mara ya kwanza muuguzi alitoka akitembea. Mara ya pili alitoka mbio. Alituambia kwamba damu ya dada ni kundi O, na mwenye O hapokei ila O. Iliyokuwapo kwenye friji ameshatundikiwa, gari limetumwa kufuata nyingine, lakini mgonjwa hawezi kulisubiri. Leteni ndugu wapimwe, sasa hivi. Nikatoa mkono wangu hapo hapo. Mimi ni B. Baba akatoa wake. Wakamuuliza umri, wakamuuliza dawa anazotumia, akataja za sukari, wakamwambia mzee, kaa. Akakaa kwenye benchi, shati limekunjwa mpaka kiwikoni.

Nikakimbilia uani walikokaa wale shemeji zangu wanne. Nikawaeleza kila kitu, haraka, bila kupumua. Hakuna aliyeinuka. Walitazamana, kisha wakaanza kutazama viatu vyao. Nikadhani hawakunielewa, nikarudia, nikataja neno kufa. Ndipo yule mdogo wao akasema, kwa adabu kabisa, kwamba katika toleo la mwisho la katuni yangu babu anasimama kwenye geti la hospitali na gari jeupe, akiwachukua damu ndugu waliokuja kuwatazama wagonjwa.

Nilimwambia ile ni katuni.

"Tunajua, dada," akajibu mkubwa wao. "Zamani tulikuwa tunasema ni maneno ya watu tu. Lakini sasa umeandika wewe, mjukuu wake. Na leo ni wewe unayetuita ndani tukatolewe damu."

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote na sikuwahi kudhani unanihusu. Nilipandwa na hasira, nikawatolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, ya kuhusu uanaume wao na akili zao. Hayakusaidia kitu. Mtu mwenye hofu ukimtukana humwongezei ujasiri. Na katika kutukana kwangu nikaona kwamba kila nikimaliza sentensi, macho yao yanakwenda upande mmoja, kwenye mkeka alikokaa mama yao na tasbihi yake. Bila neno lake wasingenyanyua mguu.

Nikaenda kupiga magoti kwenye mkeka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na ilikuwa adhabu kubwa kusubiri salamu iishe wakati dada yangu anaisha kule ndani. Nikamwomba awaambie wanawe. Hakunikatalia wala hakunikubalia. Tasbihi ilisimama.

"Mie babu yako namjua," alisema. "Alikuja kwetu Tongoni nikiwa bado nasoma chuoni, sijahitimu hata juzuu. Kaka yangu alikimbilia mikokoni. Mie mama alinishika mkono, nikapangwa kwenye mstari. Akanitoboa, akaitia damu yangu kwenye sanduku, akaondoka nayo. Mpaka leo sijaambiwa ilikwenda wapi."

Nikaanza kumweleza, vioo, darubini, vijidudu, vidonge. Akaninyanyulia mkono ninyamaze.

"Wewe ni mjukuu. Mjukuu ni mtani, na mtani hatoi ushahidi. Ukisema alikunywa, ni utani. Ukisema hakunywa, utani vilevile. Nitajuaje? Niitie baba yako."

Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa alipotoka muuguzi. Baba yangu alikuwa ametimiza miaka sabini bila kulitamka neno mumiani. Nilimkuta pale pale kwenye benchi. Nilipomwambia anaitwa na mkwe wake, na anaitiwa nini, alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile simu, na nikasema moyoni, atakataa, na dada atakufa kwa sababu ya kalamu yangu. Akainuka. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni akitutazama, hakuita tena.

Wakwe kwetu huheshimiana, hawakaribiani. Baba alisimama mbali kidogo na mkeka, macho chini. Mama mkwe alijitanda ushungi wake vizuri, kisha akamuuliza bila kuzunguka, mbele ya wanawe, mbele ya watu wa makapu mengine waliokuwa wakisikiliza.

"Mkwe, baba yako alikuwa mumiani?"

Maisha yake yote hilo lilisemwa nyuma ya mgongo wake, hakuna aliyewahi kumuuliza. Akanyoosha mkono wa kushoto, kidole cha pete kimetangulia.

"Kila kijiji watu walikataa," alisema. "Basi baba alikuwa ananichukua mimi. Ananisimamisha mbele ya watu, ananitoboa wa kwanza, waone. Kidole hiki hiki. Vijiji vyote hivi vya pwani. Angekuwa mnywa damu, mkwe, mie nisingefika kuoa."

Yule mama alikitazama kile kidole. Hakikuwa na alama yoyote, kidole cha mzee tu, kucha imekatwa vizuri. Akainua uso akamtazama mwenyewe, kwa makini, kama mtu anayemtafuta mwingine ndani yake.

"Yule mtoto alikuwa wewe," alisema.

"Nilikuwa mimi."

"Kaptula ya kaki."

"Ndiyo."

"Ulilia."

"Sikulia," baba alisema.

"Ulilia, bwana. Mie nilikuwa nyuma yako. Nikasema, kama mwanawe mwenyewe analia, sie wengine leo tumekwisha. Kisha nikamwona babako anainama, anakipuliza kile kidole. Alikipuliza muda mrefu, na watu wanamngoja. Ndipo mie nikatoa changu."

Mkono wa baba ulikuwa bado umenyooshwa, na nadhani alikuwa amesahau kuurudisha. Mama mkwe akawageukia wanawe.

"Inukeni. Mjomba wenu alikimbilia mikokoni, na mguu wake mliuona, mliuosha wenyewe siku ya kumzika. Nendeni mkatoe damu."

Waliinuka wote wanne. Yule mkubwa alinipita bila kunitazama, yule mdogo alikuwa amefumba macho kabla hata hajaifikia sindano. Wawili wakawa O. Nilisimama kwenye korido nikiutazama mlango wa maabara, kisha mlango wa wodi, kisha wa maabara tena, na kila aliyepita na sinia mikononi nilimwombea dua, hata aliyebeba chai. Chupa ya kwanza ilipopita mbele yangu ilikuwa bado na joto la shemeji yangu, nasikia. Mimi niliona wekundu wake tu, nikakaa chini sakafuni.

Mume alifika baada ya alasiri, chumvi imemkaukia kwenye suruali. Wakati huo dada alikuwa ameshafumbua macho na kuuliza kama mtoto ana nywele. Aliambiwa anazo. Mikono yake ilikuwa baridi, lakini alinifinya kidole, na nikalia pale mbele ya wakwe bila aibu yoyote.

Nilikaa muda bila kumchora Mwindaji. Nilifikiria kumzika, nikaona nikimzika watu watasema babu kamnywa. Mwishowe nikachora toleo ambalo hatimaye anampata mzee. Anamfuatilia mpaka Tongoni, anajificha nyuma ya ukuta wa magofu, taa yake kaifunika, silaha mkononi. Mbele yake watu wamesimama mstari, na mumiani mkuu yuko kichwani mwa mstari huo. Ameinama. Ameshika mkono wa mtoto mwenye kaptula ya kaki, mashavu yamelowa, na anakipuliza kidole chake. Mwindaji anaiteremsha silaha. Hakuna maneno katika ukurasa huo.

Kabla sijaupitishia wino, nilimpelekea baba barazani pamoja na kahawa yake. Aliuweka karibu na macho, akauweka mbali, akavaa miwani. Nilingoja. Kahawa ilipoa na hakuigusa.

"Sikulia," alisema.

Akaniomba raba ya kufutia. Nikampa. Alimfuta yule mtoto chozi la shavu moja, taratibu, akapuliza vumbi la raba kwenye karatasi. Akasogeza mkono kwenye shavu la pili. Kisha akanirudishia raba, na chozi lile akaliacha.