Kaka yangu alichoma mafunjo ya shamba langu, sheria inaniuliza mimi

Wapendwa wa ukurasa huu, musitie jina langu, maana watu wetu wanasoma hapa. Niko mama wa miaka 25, ninaishi Majengo, hapa Goma, na mutoto wangu angali ananyonya. Baba yake alienda, sina mengi ya kusema juu yake.

Muzee wetu, baba aliyetuzaa, mbele ya kufa, aliniachia mimi shamba lake la kule Kalengera, likaandikwa kwa jina langu. Kule chini kwenye maji kulikuwa mafunjo na miti ambayo muzee hakugusa hata siku moja, kwa sababu misambi, wale ndege wa taji kichwani, walikuwa wanatagia mule. Wakati wa mayai alitukataza hata kupiga kelele.

Vita ikatukimbiza sote. Kaka yangu mukubwa ndiye alirudia wa kwanza, na bibi yake na watoto. Kwetu, shamba likibaki pori watu wanasema halina mwenyewe, na chefu wa kijiji anaweza kulipatia mutu mwingine. Basi kaka akakata miti yote, akachoma makala ya kupikia, akatia moto mafunjo, akapanda maharagi mpaka ndani ya maji. Nilipofika nilikuta majivu na maganda ya mayai, meusi. Nililia kama muzee amekufa tena.

Kisha ajenti wa mazingira, mutu wa serikali anayelinda pori na ndege, akaniita. Nikamwambia si mimi niliyekata. Akanijibu polepole, "Mama, sheria haiulize tu nani alishika panga. Inauliza shamba ni la nani, na mwenyewe alifanya nini ili kulilinda." Akasema nimushitaki kaka, kama sivyo nitajibu mimi, na kasho, nyumba ya kufungia watu, iko.

Nilienda kumuona kaka. Hakukasirika, na hiyo ndiyo inaniumiza. Alisema, "Dada, wangesema ni pori. Ni wewe nilikuwa ninakulindia." Nikamuomba aache sehemu ya maji, mafunjo yaote tena. Akacheka kidogo, akaniuliza kama watoto wake watakula misambi. Mama yetu naye amesema nikimupeleka kaka kwa sheria, nisimwite mama tena.

Maharagi ya kwenye maji nitayang'oa mwenyewe, mutoto mugongoni, hilo nimekata shauri. Lakini kaka huyu alinibeba kwa mabega tulipokimbia vita ya utoto wangu. Na nikifungwa mimi, nani atanyonyesha mutoto?

Ajenti anangojea jibu. Ninyi mulio na ndugu, niambieni kweli hata kama itauma: nimushitaki, ao niingie kasho mahali pake?