Safari ya Kwenda Kuvuliwa Ujane

Niliondoka Kigoma kwenda kuvuliwa ujane. Mume wangu Leonidasi alikuwa Mrundi, tukamzika kwao Bujumbura, na mwaka ulipotimia ndugu zake wakanipigia simu: njoo tumalize matanga. Wenyewe huita kuganduka. Baada ya hapo mfiwa anaweza kucheka bila watu kukonyezana. Nilikwenda kwa sababu nilimpenda marehemu. Nilikwenda pia kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kabla ya kuwa mjane nilikuwa mke wa Mrundi, na kabla ya hapo binti wa fundi baiskeli. Jina langu ni Zawadi, lakini aliyeliita ni mhudumu wa zahanati tu.

Asubuhi tulivuka mpaka wa Manyovu, kisha tukasubiri sana upande wa pili, maana petroli ni ya kubahatisha siku hizi na dereva wa gari letu aliinunua kwa chupa. Kutoka Nyanza-Lac ziwa lilikuwa kushoto kwetu njia nzima. Tulipofika Rumonge, penye madumu ya mawese kando ya barabara, mama mmoja muuza vitenge aliyekaa karibu yangu aliniuliza ninakwenda kufanya nini Bujumbura. Nikamwambia.

“Pole, mama. Na nani atabaki na weye?”

Aliuliza kama anayeuliza bei ya vitunguu. Nikamjibu kwamba nitabaki na mimi. Akacheka akidhani ni utani.

Gihosha, mtaa wa Bujumbura walikokaa wakwe zangu, alasiri. Wifi yangu Spesi alinipokea kwa maji ya kuoga na sahani ya maharage na ndizi, halafu akafunga mlango. Ndipo nikajua nilichoitiwa. Kaka yao mkubwa, Melkiori, angetangaza mbele ya wageni kwamba mimi nabaki mke wa nyumba ile: nifunge chumba changu cha ushonaji Kigoma, nihamie kumtunza mama mkwe.

“Na mimi nitajibu nini?” nikauliza.

“Apana, wifi, weye hujibu. Huku mwanamuke hajibu. Tulishatafuta muzee wa kanisa wa kukusemea, juu hukukuja na mwanaume.”

“Atasema nini?”

“Atasema asante.”

Kwa Warundi sherehe haiendi bila hotuba: msemaji wa wenye nyumba husema, wa upande wa pili hujibu, na kilichojibiwa kimekubaliwa. Mzee akisema asante, nimekwisha.

Jumamosi, baada ya misa, ua ulijaa viti na kreti za bia. Melkiori alizungumza vizuri, lazima nikiri. Alimsifu ndugu yake mpaka nikalia. Kisha akasema: “Na muke wake haendi popote. Ni wetu.” Watu wakapiga makofi. Yule mzee wa kanisa akaanza kujiinua, akitafuta fimbo yake. Nikasema moyoni, liwalo na liwe, nikasimama kabla yake.

“Shemeji, asante. Ujane mmenivua. Naomba msinivishe kingine. Nilikuwa mke wa Leonidasi kwa hiari yangu, na yeye ndiye niliyemkubali, si nyumba. Mama nitakuja kumtazama kila nitakapoweza. Lakini mimi si wa kurithiwa wala wa kuhamishwa.”

Spesi aliinamisha kichwa. Sikukaa, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza, akiwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni.

“Si mujane, si muke wetu. Sasa we ni nani?”

“Sijui bado, mama,” nikamwambia. “Lakini nitajitafuta mwenyewe.”

Akaomba aongezwe kinywaji. Melkiori hakunisemesha tena hadi nilipoondoka, na sikumbembeleza.

Jumapili nilimwomba Spesi tutembee hadi mtaa wa Cibitoke nikaone mafundi cherehani wa huko. Hatukuwa tumefika mbali akaanza kuhema.

“Polepole, wifi. Nani anakufukuza?”

Hakuna aliyenifukuza. Ndipo nilipogundua kwamba mimi ni mtu wa mwendo wa kasi. Miaka yote nilikuwa nikitembea nyuma ya baba, kisha nyuma ya mume, nikipunguza hatua bila kujua. Nilifurahi kupita kiasi kwa jambo dogo kama hilo. Nikajiuliza ni mengine mangapi sijayajua.

Nilirudi Kigoma Jumatatu, nikafungua chumba changu siku iliyofuata. Nilichojifunza ni hiki: anayekupa jina hukupa na mahali pa kukaa, na ukilirudisha inabidi ukubali kusimama kidogo. Majirani walikuja kuulizia habari. Nimeolewa huko, au nimefukuzwa? Nikawaambia hapana, yote mawili. Wakangoja niwape jina la tatu la kuniitia.

Wanangoja mpaka leo.